Presha na Mvua ya Mawe

Juni 9

Presha 155 juu ya 90.

Daktari wa zahanati amenipa kipimo cha kufunga mkononi, na daftari. Akasema, Bibi Stamena, andika kila asubuhi, usiruke siku. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, baba alinitoa nikachunge kondoo. Akasema namba si insha. Haya. Lakini namba mbili hazijazi ukurasa, na mimi sipendi kutupa karatasi. Nitaandika na mengine. Asipopenda asisome.

Rasiberi zimeanza kuiva kwenye mistari ya upande wa jua. Wachumaji wanakuja wiki ijayo.

Juni 10

Presha 150 juu ya 90.

Dunja amepewa funguo za kibanda cha roketi. Mjukuu wangu huyu, miaka ishirini, na juzi tu alikuwa akimkimbia bata mzinga wa Petrija.

Kibanda kiko juu ya kilima, bati na matofali, na mashine ya kurushia imesimama nje kama kitanda cha chuma kilichoinuliwa upande mmoja. Wenye rada mjini wakiona wingu la mvua ya mawe wanaita kwenye redio ya upepo: elekeza huku, inua kiasi hiki, piga ngapi. Mpigaji anapiga. Roketi inapasuka tumboni mwa wingu, mawe yanakuwa madogo, au yanakuwa maji. Ndivyo wanavyosema. Nimeishi miaka sabini na miwili chini ya mawingu hayo, na bado sijui kama ni kweli.

Mzee Radenko amepiga miaka ishirini na sita. Sasa ana mtoto wa jicho, haoni hata mkia wa punda wake. Hakuna kijana aliyetaka kazi hiyo, wote wako Austria. Dunja alirudi kutoka Belgrade mwezi wa pili, ameanguka mitihani ya chuo, ana begi moja, akalala mpaka Pasaka. Aliposikia Radenko anatafuta mtu, akaamka. Akaenda kwenye mafunzo, akafaulu. Leo nimemwona anachana nywele bila kuambiwa.

"Unaonaje, Bibi?"

"Naona kibanda cha bati juu ya kilima wakati wa radi."

"Huwezi kusema hongera tu?"

"Naweza. Sitaki."

Akacheka. Mimi roho iko juu tangu saa hiyo.

Juni 13

Presha 150. Manyunyu.

Juni 17

Presha 145. Wachumaji wamefika, wanawake sita kutoka kusini. Mmoja anachuma kama anabembeleza mtoto. Nimemwambia, dada, hiyo ni rasiberi, si mchumba.

Juni 20

Presha 155 juu ya 95.

Asubuhi Dunja anachuma, jioni anapanda kilimani na Radenko. Yeye anarusha, mzee anashika redio, maana masikio yake bado mazima. Leo wakati wa kula nimemwuliza wana roketi ngapi.

"Sita."

"Sita mpaka mwezi wa kumi? Basi usizimwage zote kwa wingu moja. Weka akiba."

"Wenye rada ndio wanaosema ngapi, Bibi."

"Wenye rada wako mjini chini ya zege. Wewe weka akiba."

Akatikisa kichwa kama vijana wanavyotutikisia kichwa sisi wazee. Lakini namjua. Neno nikimpa haliendi nje, hata akijifanya halijaingia.

Juni 24

Presha 150. Kreti arobaini na moja. Joto.

Juni 27

Sikupima. Naandika jioni.

Tangu asubuhi ng'ombe alikataa kutoka zizini. Nzi wanauma. Saa nane mchana mlima wa magharibi ukapotea, mahali pake pakasimama wingu la rangi ya kabichi iliyooza, na tumbo lake chini jeupe. Dunja akaacha kreti katikati ya mstari, akakimbia. Radenko akamfuata na fimbo yake.

Nikasikia ya kwanza. Halafu ya pili. Madirisha yakalia. Halafu wingu likapasuka kidogo, jua likaingia kwenye ule ufa, na mimi mwenyewe nikasema, Mungu mkubwa, limegeuka.

Ya tatu haikuja.

Hapo ndipo nilipomsikia Petrija. Petrija jirani yangu, tumeolewa mwaka mmoja, nyumba zetu zinatenganishwa na uzio wa mbao. Ametoa meza fupi uani, ameipindua miguu juu, amepanga vijiko, mkate na chumvi, ameelekeza uso kwenye wingu na anapiga kelele:

"Ewe Milovan! Ewe Milovan uliyechukuliwa na maji! Rudisha ng'ombe wako weupe! Usiwaingize mashambani mwetu, Milovan!"

Kwetu wazee wanasema mvua ya mawe ni kundi la ng'ombe weupe, na wanaochunga kundi hilo ni watu waliokufa maji. Aliyezama mwisho kijijini ndiye mchungaji mkuu, ndiye anayeitwa. Bibi yangu aliita, mama yangu aliita. Mimi mwenyewe niliwahi kumwita mtoto wa watu nisiyemjua hata sura.

Tangu Milovan azame hajazama mwingine. Milovan ni mwanangu. Ni baba yake Dunja.

Miaka tisa hakuna aliyetaja jina lake mbele yangu, wanalizunguka kama shimo. Leo linarushwa angani kama la mchungaji mzembe aliyeacha mifugo ile mahindi ya watu. Nilitaka kuruka uzio ule.

Halafu yakaja mawe. Makubwa kama jozi, mengine kama mayai. Dakika sita, labda saba. Wachumaji walijificha chini ya trela. Mimi nilisimama mlangoni na sinia kichwani kama mwehu, natazama majani yanavyochanika.

Kwetu huku juu theluthi imekwenda. Mashamba ya bondeni hayana kitu, ni fito tupu. Shamba la Petrija liko bondeni. Alirudi kutoka huko ameshika vijiko vyake, akanitazama kana kwamba mwanangu amemkatalia yeye binafsi.

Dunja akashuka na Radenko. Mzee alikuwa anapigapiga fimbo chini kwa hasira.

"Nne! Walisema nne! Nimemwambia nne, kapiga mbili!"

"Kwa nini mbili?" Petrija akauliza. "Sema, mtoto. Kwa nini mbili?"

"Niliona linageuka," Dunja akasema. "Jua lilitoka. Nilipojua haligeuki lilikuwa limeshapita juu yetu."

"Uliona ulichotaka kuona!"

Dunja akanitazama mimi. Mara moja tu. Hakusema neno akiba. Akasubiri.

Nikanyamaza. Naandika hapa kwa mkono wangu: nilinyamaza. Nilijishughulisha na kreti, nikaanza kutoa majani kwenye matunda, jani moja moja, kama kuna haraka.

Juni 28

Presha 190 juu ya 110. Vidovdan, sikukuu ya Mtakatifu Vid. Sikwenda kanisani. Dunja hakutoka chumbani.

Juni 29

Presha 185. Hakutoka.

Juni 30

Presha 185. Ametoka kwenda chooni. Amekula nusu yai.

Julai 2

Presha 180 juu ya 105.

Wachumaji watatu wameondoka, matunda hayatoshi watu sita. Slavica mkwe wangu, mama yake Dunja, amepiga simu kutoka Austria. Anaosha wagonjwa huko mwaka wa saba sasa.

"Mtie moyo, mama. Mwambie anaweza chochote akiamua. Mwambie yeye ni shujaa."

"Nimwambie na kwamba anaweza kuruka?"

"Mama, huku vijana wanaambiwa maneno mazuri kila siku."

"Na mawingu ya huko yanaambiwa nini?"

Akakata simu. Nusu saa baadaye Radenko akapita na dawa ya macho mkononi. Amepoa hasira, sasa ana huruma, na huruma yake ni mbaya kuliko hasira. "Mwache, Stamena. Wengine hawakuzaliwa kwa kazi ngumu. Bora ajue mapema, apunguze ndoto." Alisema kwa sauti yake kubwa ya siku zote. Mlango wa Dunja ulikuwa wazi.

Nilipompelekea chakula alikuwa ameketi kitandani, magoti kifuani.

"Bibi, wewe husemi uongo. Niambie. Kila nikiinuka naanguka. Mimi ni mtu wa kuanguka?"

Nilikuwa na sufuria mkononi. Nilikuwa na la kusema, na lilikuwa moja tu: wewe hukukosea, ni mimi niliyekuambia weka akiba. Maneno machache hata kwa mtu wa darasa la nne.

"Kula," nikasema. "Supu inapoa."

Julai 4

Presha 180. Usiku sisikii hata akigeuka kitandani. Mtu mzima asiyegeuka kitandani hajalala.

Julai 6

Sikupima.

Nilipoamka kukamua ng'ombe, kumeshakucha, mlango wake ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Dunja hajawahi kutandika kitanda tangu azaliwe. Nikatazama zizini. Nikatazama kwenye rasiberi. Nikaita. Mbwa alikuwa anatazama njia ya mtoni.

Sijakimbia tangu nivunjike nyonga. Leo nimekimbia. Sikumbuki njia, nakumbuka tu nilikuwa nasema kwa sauti, si huyu, si huyu, mmoja umeshachukua.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe kubwa juu ya mto Rzav, mahali pale pale alipozama baba yake. Viatu ameviweka pembeni, vimepangwa. Miguu ndani ya maji. Mto umejaa kwa mvua ya juzi, umechafuka.

Sikumwita. Niliogopa kumshtua. Nikaenda polepole, nikaketi karibu naye, nikashika kola ya koti lake kwa nyuma, kama unavyoshika mtoto wa ng'ombe sokoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu hapa hakuna mtu anayeniambia chochote." Akatazama mkono wangu. "Sitaruka, Bibi. Niachie koti."

Sikuliachia. Nikaanza kusema, na niliutazama mto, sikumtazama yeye.

"Baba yako hakuteleza."

Yeye anajua aliteleza. Kijiji kizima kinajua aliteleza. Niliwaambia mimi.

"Ndama wawili walibaki ng'ambo, maji yakaja. Akaingia. Alipofika katikati, maji kiunoni, akasimama. Akageuka akanitazama. Alitaka kurudi, Dunja. Nilimwona. Nimemzaa mimi, nilijua uso ule. Tangu mdogo alikuwa mwoga wa kila kitu, wa farasi, wa shule, wa jeshi, na kila mara nilimpigia kelele nyuma yake, na kila mara akaenda, na kila mara akafika. Nikadhani ni kelele zangu zinazomfikisha. Basi nikapiga tena. Songa, mwanangu! Umefika! Mto huu unakujua! Akasonga. Hatua tatu. Nilizihesabu."

Dunja alikuwa anatazama katikati ya mto.

"Kwa hiyo nikaapa sitamtia mtu moyo tena. Wewe ulipokuja na funguo zako nikaona busara ni kukuzuia. Weka akiba, nikasema. Na ukaweka, kwa sababu ni mimi nimesema. Makosa ya roketi ni yangu. Mara moja nilisema songa, mara moja nilisema zuia mkono, na mara zote mbili nilikosea. Sina neno la tatu. Ukilitaka kalitafute kwa mama yako."

Maji yalikuwa yanapita na matawi. Dunja akasema:

"Miaka tisa uliniambia aliteleza."

"Ndiyo."

"Na juzi ukaniacha pale uani natukanwa peke yangu."

"Ndiyo."

Akatoa miguu majini, akavaa viatu bila kukausha, akatangulia. Hakunisubiri. Kupanda kule kulinichukua saa nzima na magoti haya, napumzika kila mti. Sijui kama nimemwinua au nimemzika.

Julai 7

Presha 175. Hasemi na mimi.

Julai 8

Presha 175. Hasemi. Amekula mkate wa mahindi wote, pamoja na sehemu yangu.

Julai 9

Presha 170 juu ya 100.

Nimekwenda kwa Petrija. Si kwa kupitia uzio, kwa kuzunguka mlango wa mbele kama mgeni, nimevaa kitambaa kizuri. Alikuwa anakata fito zilizovunjika. Nikasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia mtoto aweke roketi akiba."

Akaendelea kukata. "Wewe?"

"Mimi."

"Na pale uani ulikuwa umemeza nini?"

"Ulimi."

"Mwaka huu nilikuwa na wa kumlaumu mmoja. Sasa nina wawili. Kazi imeongezeka." Akaweka mkasi chini. "Mimi nami sikupaswa kumwita Milovan. Nilishikwa na woga, Stamena. Mtu akishikwa na woga anashika lililo karibu."

"Usimwite tena."

"Sikuahidi," akasema, na akaenda kuchemsha kahawa. Nilikunywa. Ilikuwa majimaji kama kawaida yake.

Julai 10

Presha 165. Tunachuma. Joto linarudi.

Julai 12

Presha 165. Sikukuu ya Mtakatifu Petro.

Dunja amesema. Tulikuwa tunakoboa maharage barazani, akasema bila kuinua macho:

"Wameongeza roketi. Sasa ziko nane."

"Nani kasema?"

"Radenko. Anasema wenye rada wanauliza kama bado nipo au watafute mtu."

Nikaendelea na maharage.

"Naogopa, Bibi. Naogopa mpaka meno yanauma. Nipande?"

Huyu mtoto. Nimekaa siku sita namwomba Mungu amfungue mdomo, na aliposema ananiuliza hilo.

"Sijui," nikasema. "Nikikuambia utaweza, nadanganya. Nikikuambia hutaweza, nadanganya vilevile. Mimi nitakuwa huku chini, macho yatakuwa yako. Wakisema nne, piga nne, usinisikilize mimi wala jua. Na ukiona vibaya, shuka. Ukishuka, mlango huu sitaufunga na mdomo huu sitaufungua."

Akaacha maharage.

"Mdomo huo?"

"Huu."

"Hilo nitapanda nilione," akasema, na kona moja ya mdomo wake ikapanda kidogo. Si kucheka. Lakini nilihesabu.

Julai 13

Presha 170. Amepanda jioni kusafisha kibanda. Nilitazama kilima mpaka shingo ikauma.

Julai 15

Presha 170. Wingu limepita mbali. Petrija alikuwa ameshatoa meza. Nikamtazama, akairudisha.

Julai 16

Presha 175. Joto. Ngurumo bila mvua.

Julai 17

Presha 175. Vilevile.

Julai 19

Sikupima.

Lilikuja saa kumi, kutoka upande ule ule. Safari hii halikuwa la kijani, lilikuwa jeusi na lilikuwa halina haraka. Redio ikaita, Radenko alikuwa ameshaanza kupanda. Dunja akanipita uani akikimbia, akasimama, akarudi hatua mbili kana kwamba amesahau kitu. Hakusema. Mimi nami sikusema. Akaenda.

Nikasimama kwenye kona ya nyumba nahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Halafu kimya kirefu, upepo ukaanza kuangusha vipande vya bati, halafu tano. Sita.

Halafu radi ikapiga kilima.

Sijui nielezeje. Haikuwa juu ya kilima, ilikuwa ndani yake. Mwanga mweupe ukaingia mpaka kwenye meno yangu na sauti ikaja pamoja nao, bila kupishana. Nilipofumbua macho sikuona kibanda. Mvua ilikuwa imekifunika.

"Mwite!" Petrija alikuwa kwenye uzio, meza imepinduliwa nyuma yake, kijiko mkononi. "Mwite wewe, Stamena! Wewe ni mama yake, wewe atakusikia!"

Nikatazama juu. Miaka yote hii nimekuwa na hofu kwamba nikianza kuliita jina hilo sitaweza kuacha. Na hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari. Nilifungua mdomo.

Likatoka jina jingine.

"Dunja! Rudi! Shuka, mwanangu! Waachie! Rudi!"

Nilipanda juu ya kreti. Nilipiga kelele kama nilivyopiga siku ile mtoni, kwa koo lile lile, ila sasa maneno yanakwenda upande wa pili. Petrija alikaa kidogo na kijiko chake. Halafu naye akaanza. Vibibi viwili, mmoja kwenye kreti, mmoja amening'inia uzioni, tunaita mtu kwenye ngurumo ambayo hatusikii hata wenyewe. Mawe yakaanza kudondoka. Madogo kama mbaazi. Halafu kama maharage. Halafu makubwa zaidi, na hatukuondoka. Petrija ana nundu mpaka sasa.

Waliposhuka njiani sikuwajua. Niliona koti moja na miguu minne. Dunja amemfunika mzee kichwa, amemshika kiunoni, wanatembea kama walevi waliotoka harusini. Radenko damu inatoka sikioni.

"Zimebaki mbili," Dunja akasema. Hata salamu hakutoa. "Waliagiza nane, Bibi. Nimepiga sita. Radi ilipiga nguzo, redio ikafa, nywele zikanisimama kichwani. Nikamshika mzee, tukashuka. Zimebaki mbili."

Akasimama pale mvuani anausubiri mdomo wangu.

"Ulinisikia?" nikauliza.

"Kusikia nini? Huko juu sikujisikia hata mimi mwenyewe."

Alikuwa hajasikia. Alikuwa ameona vibaya, akashuka.

Petrija akaja mpaka langoni ameshika kichwa. Nikajiweka mbele ya mtoto. Kama ni kutukanwa, leo zamu yangu. Lakini Petrija alimtazama Radenko.

"Wewe, masikio bado unayo yote mawili?"

"Moja na nusu," Radenko akasema. "Nusu inatosha kukusikia wewe. Nipe glasi ya rakija."

Julai 20

Presha 185 juu ya 100.

Nusu ya rasiberi zilizobaki zimekwenda. Nusu ipo. Wengine wanasema bila zile roketi sita tusingebaki na jani. Wengine wanasema roketi hazijawahi kuzuia hata chafya. Mtu mmoja wa kitongoji cha juu, simtaji, amesema mbele ya duka kwamba mjukuu wangu amekimbia. Nikamwuliza yeye alikuwa wapi saa hiyo. Chini ya kitanda, mkewe akajibu kwa niaba yake.

Radenko alipanda asubuhi na mwanaye kutazama. Kiti cha kibanda, pale anapokaa mpigaji, kimeyeyuka upande mmoja. Alinieleza mlangoni kwa sauti ndogo, mara ya kwanza maishani mwake, ili Dunja asisikie. Nimelazimika kukaa kwenye ngazi.

Sijamwambia Dunja. Halafu nimemwambia. Nimechoka kuhifadhi vitu.

Alisikiliza. Akasema, "Basi sitakaa. Nitapiga nimesimama." Nikaenda zizini nikalia kidogo mbele ya ng'ombe.

Julai 22

Presha 170. Kreti kumi na mbili. Slavica amepiga simu, akaniuliza kama namtia mtoto moyo. Nikamwambia namwogopea. Akasema hilo si jibu. Nikamwambia njoo utoe lako.

Julai 23

Presha 165. Wameleta redio mpya na waya wa radi. Fundi amesema sasa ni salama. Nimemwuliza kama yeye atakaa humo. Akasema ana kazi nyingine mjini.

Julai 24

Sijapima.

Limesimama magharibi tangu saa saba. Redio imeita. Radenko ametangulia.

Dunja alikuwa kizingitini anafunga buti, na kamba haikubali, mikono inatetemeka. Nikajua anasubiri. Nilikuwa nayo yote mdomoni, usiende, utaweza, jihadhari, Mungu yupo, na yote yalikuwa na ladha ya kutu. Nikapiga goti pale chini, na si rahisi mimi kupiga goti, nikashika ncha moja ya kamba. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake. Tulifunga buti moja watu wawili, fundo baya, mtoto wa shule angelicheka. Lakini lilikaza.

"Bibi, nawe unaogopa?"

"Sana."

"Afadhali," akasema, akaenda.

Nimekaa mlangoni na daftari hili magotini. Petrija yuko uzioni, hana meza leo, ana mwavuli. Upepo umeanza. Sioni kilele. Nimewasha jiko ili apate pa kukaushia nguo, mchana wa Julai, watu wataniona nimerukwa na akili.

Ngurumo.

Hiyo. Hiyo ni roketi ya kwanza.